Namna ya Kutengeneza Kisu kwa Mkono

Mama amenunua kisu kipya sokoni. Kinang'aa, na mpini wake ni mwekundu. Juma la kwanza kinakata mihogo vizuri. Juma la pili hakikati tena. Mama anakinoa juu ya jiwe, lakini jioni kimekwisha kuwa butu. Jirani yake ana kisu kingine. Hicho ni kikali kweli kweli, lakini siku moja mtoto alikiangusha juu ya mafiga, na ncha yake ikakatika kama kipande cha chupa.

Kisu cha kwanza ni laini mno. Cha pili ni kigumu mno. Taabu yote ya kazi ya visu imo katika jambo hilo. Chuma kigumu hushika makali siku nyingi, lakini huvunjika upesi. Chuma laini hakivunjiki, lakini hujipinda, na makali yake hulala. Basi mtu anayetaka kisu chema anataka mambo mawili yasiyopatana, naye lazima ayapatanishe kwa moto.

Siku hizi visu karibu vyote hutoka katika viwanda vikubwa. Masini hukata mamia kwa siku. Lakini katika nchi nyingi wako watu wanaotengeneza visu kwa mikono yao, wala si kwa sababu ya kuuza. Mmoja ni karani, mwingine mwalimu, mwingine dereva wa gari. Jioni, kazi ya mchana ikiisha, anaingia katika kibanda chake nyuma ya nyumba, anawasha taa, anashika tupa. Hiyo ndiyo furaha yake, kama vile mwingine anavyofurahi kupiga gitaa. Kisu kimoja huweza kumshika majuma matatu, hata mwezi. Mtu asiyejua kazi hiyo atamcheka: kwa nini kuhangaika mwezi mzima, na dukani visu vimejaa? Akikishika mkononi kisu hicho kilichokwisha, mara nyingi hacheki tena.

Kazi yenyewe si ngeni katika Kongo. Zamani wahunzi walijenga tanuri za udongo, wakazijaza mawe ya chuma na makaa ya miti, wakavukuta mivukuto saa nyingi. Mwisho walitoa bonge la chuma lenye taka nyingi, wakalipiga nyundo hata taka zikatoka. Heshima yao ilikuwa kubwa. Katika bonde la Upemba, huko Katanga, wataalamu walichimba makaburi ya kale sana, na katika kaburi moja la karne ya 8 hivi au ya 10 walikuta fuawe ya chuma pamoja na shoka la heshima. Aliyezikwa hivyo hakuwa mtu wa hivi hivi. Kwa Wakuba wa Kasai kulikuwa na mfalme aliyeitwa Mbop Pelyeeng aNce. Sanamu yake ya mti iko London katika nyumba ya makumbusho, na mbele ya miguu yake mchongaji aliweka fuawe, ndiyo alama ya mfalme huyo. Wakuba husimulia tena kwamba mfalme Shyaam, aliyetawala katika karne ya 17, aliwakataza watu wake silaha ya kurusha iliyoitwa shongo, akawapa badala yake kisu kifupi chenye ubapa mpana, kinachoitwa ikul, kisu cha amani.

Baadaye chuma cha Ulaya kilifika kwa bei ndogo, na tanuri za udongo zikazimika. Lakini wahunzi hawakuacha nyundo. Walianza kufua vyuma vilivyokwisha kazi yake: resori za magari, vyuma vya reli, tupa za zamani. Na hapo ndipo anapoanza hata yule karani katika kibanda chake.

Si kila chuma kinafaa. Chukua msumari, uupashe moto hata uwe mwekundu, uutie katika maji. Ukitoka unapindika kama kwanza. Fanya vile vile na kipande cha tupa. Hicho kikitoka majini, ukikipiga nyundo kinavunjika kama kioo. Kwa nini? Kwa sababu ya kaboni. Kaboni ndiyo asili ya makaa yale yale yanayowaka jikoni. Katika kilo 100 za chuma cha msumari, kaboni haifiki hata robo ya kilo. Katika kilo 100 za tupa njema, kaboni ni kilo moja hivi, au zaidi kidogo. Chuma cha namna hiyo huitwa pua. Kilo moja katika kilo 100 ni kitu kidogo sana, lakini hiyo ndiyo inayotenga msumari na kisu. Wala usifikiri kwamba kaboni ikizidi sana kisu kitazidi kuwa chema. Sufuria nzito za chuma cha kumimina zina kilo tatu na zaidi, nazo hupasuka zikianguka.

Resori ya gari ina kaboni kama sehemu sita katika elfu. Hiyo inatosha kwa panga na kwa kisu kikubwa cha kukatia miti. Kwa kisu cha jikoni au cha kuchunia ngozi, watu wengi hupenda tupa. Lakini ziko tupa za bei ndogo ambazo ni ngumu juu tu, ndani ni chuma laini. Fundi mwenye akili huijaribu kwanza. Anakata kipande cha mwisho, anakipasha, anakichovya, anakivunja. Kikivunjika chote kwa ghafula, ni pua mpaka ndani. Kikijipinda katikati, anaitupa tupa hiyo, naye hakupoteza kitu. Asiyejaribu atajua baada ya majuma matatu.

Tupa ilivyo ni ngumu mno, haikatiki kwa msumeno. Lazima kuilainisha kwanza. Fundi anawasha makaa, anavukuta, anaiweka tupa ndani hata iwe nyekundu yote. Kisha anaizika katika majivu mengi makavu, anaiacha hata asubuhi. Inapoa polepole sana. Kesho yake ni laini, na msumeno unaingia.

Sasa anachora umbo la kisu juu yake. Wanaoanza hukosa hapa mara nyingi: wanataka kisu kirefu cha vita, chenye meno na mapembe, kama walichokiona katika sinema. Kisu cha kwanza kiwe kifupi, sentimita 8 au 10 za makali, chenye mgongo ulionyoka. Nyuma ya ubapa unabaki msuka, ndiyo sehemu itakayoingia katika mpini. Pale msuka unapokutana na ubapa, pembe isiwe kali, bali iviringwe, maana chuma kilichokatwa kwa pembe kali hupasukia pale pale.

Wengine hufua umbo hilo kwa nyundo juu ya fuawe, chuma kikiwa chekundu. Wengine hukata kwa msumeno na kusugua kwa tupa nyingine, basi. Kisu chema huweza kutoka kwa njia zote mbili. Mwenye tupa hukifunga chuma katika jiriwa, hukisugua upande huu na upande huu, mpaka mgongo ubaki mnene na makali yawe membamba. Kazi hii ni ndefu. Mkono unachoka, mabega yanauma. Akisugua upande mmoja zaidi, makali yanahama katikati, na kisu kitakata mkate kwa kwenda upande. Basi anapaka wino juu ya makali, anapiga mstari katikati kwa msumari, anaufuata mstari huo. Makali hayafanywi membamba kabisa bado. Yanaachwa kama unene wa milimita moja, au moja na nusu, sababu makali membamba yakitiwa katika moto mkali hujikunja kama jani.

Mbele ya moto anatoboa pia matundu ya mpini kwa keekee. Mtu akisahau matundu hayo atalia baadaye, maana chuma kikisha kuwa kigumu, keekee haiingii.

Mpaka hapa kazi yote inaweza kutengenezwa upya ikikosewa. Sasa inakuja saa ambayo haitengenezeki upya kwa urahisi. Kazi ya majuma mawili inaingia katika moto, na katika muda wa kuhesabu hata kumi imekuwa kisu au imekuwa takataka.

Yafaa kufahamu kwanza linalotendeka ndani ya chuma. Chembe za chuma zimejipanga kwa utaratibu, kama matofali katika ukuta. Chuma kikipata moto mwingi, chembe hizo hubadili mpango wake, na katika mpango huo mpya kaboni hupata nafasi ya kuingia kati yao. Chuma kikipoa polepole, chembe hurudi katika mpango wa kwanza, na kaboni hutoka taratibu na kukaa mahali pake. Lakini kikipozwa ghafula, kaboni hainasi njia ya kutoka. Ni kama watu waliojaa katika nyumba na mlango umefungwa kwa nguvu. Chembe hutaka kurudi, kaboni inazizuia, zote zinabanana. Kubanana huko ndiko ugumu wa pua.

Moto huo uwe wa kadiri gani? Kama digri 800. Mhunzi wa zamani hakuwa na kipimo. Alitazama rangi, na kwa hiyo alipenda kufanya kazi hii magharibi, au ndani ya nyumba yenye giza, sababu jua hudanganya macho. Sasa hata anayeanza ana msaada: sumaku. Chuma kikifika digri 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Fundi anakitoa kisu, anakigusisha sumaku. Ikishika, anakirudisha. Ikikataa, anakiacha motoni kidogo tena, kipate rangi moja pande zote, na hapo ni tayari. Asikiache kizidi kuwaka hata kiwe cha manjano. Pua iliyopata moto mno, ukiivunja, ndani utaona punje kubwa zinazong'aa kama sukari. Pua iliyopashwa vizuri ina punje ndogo sana, rangi ya kijivu kama majivu. Ile ya sukari huvunjika upesi. Kwa hiyo fundi mwangalifu hukipasha kisu mara tatu na kukiacha kipoe hewani kila mara, ili punje zipate kuwa ndogo, ndipo anakipasha mara ya mwisho.

Karibu naye kuna ndoo ya chuma yenye mafuta ya mimea, yaliyopashwa kidogo hata yawe na joto la maji ya kuogea na zaidi. Ndoo iwe ya chuma, si ya plastiki, na iwe na kifuniko cha chuma, maana mafuta huweza kushika moto. Mafuta ya masini yaliyokwisha kazi hayafai: moshi wake ni sumu. Petroli isikaribie kabisa. Maji je? Maji hupoza upesi zaidi, na kwa pua nyingi hiyo ni kupita kiasi. Fundi anakishika kisu kwa koleo, anakishusha wima ndani ya mafuta, ncha ikitangulia, bila kukitikisa upande upande. Moshi unapanda. Yeye anatega sikio. Sauti ya mafuta kuchemka ni njema. Lakini likisikika neno dogo, "tik", kama kijiti kimekatika, kazi imekwisha: chuma kimepasuka, na ufa hauzibiki.

Kama hakikupasuka, anakipangusa, anapitisha tupa juu ya makali. Tupa ikiuma, chuma hakikukubali, lazima kurudia. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, kisu kimekuwa kigumu. Watu wengi wangefurahi na kwenda kukinoa. Hiyo ndiyo hatari. Kisu hicho ni kile cha jirani kilichovunjika juu ya mafiga. Kikianguka sasa, kitakatika vipande viwili. Zamu ya pili ya moto isicheleweshwe. Ifanywe siku ile ile.

Moto wa pili ni mdogo sana, kama ule wa kuoka mkate. Fundi anasugua ubapa kwa msasa mpaka ung'ae, anakiweka kisu katika tanuri ya mkate yenye digri 200 kwa saa moja au mbili, anakitoa kipoe, anakirudisha tena. Kaboni kidogo inapata nafasi ya kutoka, na chembe zinapumua. Ugumu unapungua kidogo, lakini nguvu ya kuvumilia inaongezeka sana. Rangi inaonyesha kazi ilipofika. Kwanza ubapa unakuwa wa manjano hafifu, kama majani makavu. Ndiyo digri 200 na zaidi kidogo. Kisha manjano iliyoiva. Kwenye digri 260 ni kahawia, halafu zambarau, na karibu na 300 ni buluu. Kwa makali ya kisu cha tupa, majani makavu yatosha. Resori zinazopokea mishtuko hupewa moto mkubwa zaidi.

Mtoto aliyesimama karibu na mtu wa kunoa visu kwa gurudumu amekwisha kuona rangi hizi. Gurudumu likizunguka kwa nguvu, cheche zikiruka, mara makali yanageuka buluu. Watu husema, "Angalia, kinapendeza." Kumbe pale penye buluu ugumu umetoka, na kisu kitakuwa butu kabla ya Jumapili. Fundi anayejua hukichovya kisu majini kila mara.

Na yale mambo mawili yasiyopatana, yatapatanishwa namna gani? Kwa kuyapa kila moja mahali pake. Baada ya moto wa pili, fundi anasimamisha makali katika sahani ya maji, mgongo ukibaki juu ya maji, kisha anapeleka ulimi wa moto juu ya mgongo mpaka ugeuke buluu. Makali hayapati joto, yanabaki magumu. Mgongo umekuwa wa kuvumilia, hupindika bila kukatika. Wahunzi wa Ujapani hupata jambo hilo kwa njia nyingine. Wao hupaka udongo mnene juu ya mgongo wa upanga na mwembamba kwenye makali, ndipo wanauchovya katika maji. Mgongo hupoa polepole chini ya udongo, makali hupoa ghafula, na kati yao hubaki mstari mweupe kama wimbi.

Mpini hauna shida kubwa. Vipande viwili vya mti mgumu na mkavu huwekwa huku na huku ya msuka, hutiwa gundi, hupitishwa vijiti viwili vya shaba ya manjano katika yale matundu, huachwa usiku mmoja, kisha husuguliwa mpaka mkono ukubali. Mti unaopendwa sana na mafundi wa Ulaya na Marekani kwa kazi hii unatoka Kongo penyewe: ni wenge, mti mweusi wenye mistari ya kahawia. Umekatwa mno, na sasa umehesabiwa kati ya miti iliyo katika hatari ya kwisha. Kwa mpini mmoja kipande kilichobaki kwa seremala kinatosha.

Machache juu ya hatari. Tupa na pua hurusha vipande vidogo, basi macho yafunikwe kwa miwani ya kazi. Mabati na vyuma vingine vyenye rangi ile ya fedha ya zinki visitiwe katika moto kabisa: moshi wake mweupe huleta homa na ugonjwa wa mapafu. Na mtoto asiwashe moto wa kazi hii bila mtu mzima. Anaweza kuvukuta, na kusugua, na kutazama rangi. Mara nyingi macho yake huona vizuri kuliko ya mzee.

Katika Marekani wafuaji wa visu walianzisha chama chao mwaka 1976, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Bill Moran, mfuaji wa visu wa Maryland. Chama hicho huitwa American Bladesmith Society. Kina wanachama wanaofanya kazi hii kwa riziki, na wengi wanaoifanya kwa furaha tu. Mtu akitaka kupewa cheo cha kwanza baada ya uanafunzi, hawamwulizi maneno mengi. Wanamwambia: leta kisu chako.

Kisu hicho alikifua mwenyewe, makali yake yasipite sentimita 25 hivi. Mbele ya fundi mkuu inaning'inizwa kamba nene ya sentimita mbili na nusu, mwisho wake haukufungwa popote. Mwanafunzi anaikata kwa pigo moja. Kamba isiyofungwa hukimbia kisu butu, kwa hiyo hapo ukali unajulikana. Kisha anapewa gogo la mbao la kujengea, unene wake sentimita 4 hivi na upana 9, alikate mara mbili. Hapo inajulikana kama makali yanavunjika au yanalala. Halafu, bila kukinoa tena, ananyoa nywele za mkono wake kwa kisu kile kile. Wengi hudhani mtihani umekwisha.

Bado. Kisu kinafungwa katika jiriwa kwa ncha yake. Mwanafunzi anashika mpini, mara nyingi kwa kuongeza bomba la chuma ili apate nguvu, anavuta. Kisu kilichonyoa nywele sasa hivi kinaanza kupinda. Kinapinda mpaka digri 90, kama pembe ya meza. Makali yakipata ufa mdogo wanamsamehe, lakini ufa ukiingia ndani kupita theluthi moja ya upana, au kisu kikikatika, hakupata. Wale waliopumbazika na ugumu, wakasahau moto wa pili, husikia hapo sauti ya chuma kikikatika mbele ya watu wote.

Kama mgongo ulipata buluu yake na makali manjano yake, kisu hubaki kimoja. Fundi mkuu anakitazama pande zote, anaandika karatasi. Mwenye kisu anakifungua katika jiriwa, kimepinda, hakifai tena kukata hata nyanya, anakifunga katika kitambaa na kurudi nacho nyumbani.